Barua ya Rejista Haitoki Bila Mwenyewe

Mara nyingi nimeambiwa kwamba kazi yangu ilikufa zamani. Huniambia watu waliosimama mbele ya dirisha langu wakisubiri niwapimie kifurushi, simu mkononi. Siku hizi sijisumbui kubishana nao. Napima kifurushi, nagonga mhuri, naita anayefuata. Lakini mtu akiniuliza akiwa na nafasi ya kukaa na kusikiliza, humweleza habari ya mjane mmoja na shemeji yake, na habari ya asubuhi ile walipokuja kung'oa masanduku.

Mimi si mzaliwa wa huku. Nilizaliwa upande wa ziwa, baba yangu akiwa mwalimu wa shule ya msingi, na nilipoajiriwa na posta nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nikapelekwa kwenye posta ndogo katika soko moja la milimani, kaunti ya Nyamira, mahali ambapo ukitaka duka kubwa unashuka hadi Keroka. Sikujua neno hata moja la Ekegusii. Asubuhi yangu ya kwanza, bibi mmoja mzee alinishika mkono kupitia dirishani, akaniita "baba". Nikageuka kutazama nyuma yangu kama kuna mwanamume amesimama pale. Foleni nzima ikaangua kicheko. Ndipo nilipoelezwa kwamba kwa Ekegusii mama ndiye huitwa baba. Tangu siku hiyo mimi na watu wa soko lile tukawa tunazungumza Kiswahili, lugha ambayo wao na mimi tuliikuta shuleni, na kila mmoja aliivunja kwa namna yake.

Posta yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye paa la mabati. Ndani kulikuwa na kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya watu, mizani, na sefu ya kijani. Nje, chini ya baraza, kulikuwa na masanduku ya chuma yenye nambari, yamejengewa ukutani safu juu ya safu. Gari la posta lilikuwa likifika kutoka Kisii saa nne asubuhi. Nilikuwa nakata lakiri, namwaga mfuko wa turubai mezani, naanza kupanga, na kabla sijamaliza nusu baraza lilikuwa limejaa watu.

Tulikuwa wafanyakazi watatu na hatukupumzika. Barua za wana waliokwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa zilipita mikononi mwetu, pamoja na hawala zao za pesa, majibu ya mitihani na barua za kuitwa kidato cha kwanza. Wasiojua kusoma nilikuwa nawasomea. Nilijua nani ameoa bila kuwaambia wazazi na nani ameacha kazi, nikafunga mdomo, kwa sababu tuliapishwa kufunga mdomo.

Kilichoogopwa ni telegramu. Nakumbuka mzee mmoja niliyemwita akipita sokoni na kumwambia telegramu yake imefika kutoka Nakuru, alikokuwa amelazwa mamake. Aliiangalia ile karatasi mkononi mwangu bila kuigusa. "Kaa nayo mpaka kesho," akasema. "Leo nina watu shambani wanavuna mahindi. Wacha mama awe mzima leo." Akaenda. Nilikaa nayo. Kesho yake alikuja amevaa koti la kanisani, akanyoosha mkono.

Halafu zikaja simu. Hawala ndiyo iliyotangulia kufa, na haikuchukua muda. Barua za mapenzi zikafuata, kisha kadi za Krismasi. Mwenzangu mmoja alistaafu bila kuletewa wa kujaza nafasi yake, mwingine akahamishwa Kisii, nikabaki peke yangu na sefu. Masanduku mengi yaliachwa na wenyewe yakaota kutu.

Lakini kuna barua ambazo hazikufa, na hapo ndipo watu wengi walipojidanganya. Barua ya korti haikuacha kuja, wala ya ofisi ya ardhi, ya benki, ya bima au ya tume ya walimu. Mfuko ulikuwa mwepesi, lakini kila bahasha iliyobaki ndani yake ilikuwa na uwezo wa kumfukuza mtu nyumbani kwake. Na kwa kuwa kila mmoja sasa alikuwa akitazama simu yake, hakuna aliyekuwa akiangalia nani anashika ufunguo wa sanduku.

Ni lazima nieleze jambo hili kwa mtu ambaye hakukulia huku. Familia nyingi hazikuwahi kuwa na sanduku lao. Zilitumia la shule au la kanisa. Karibu na soko letu kulikuwa na kanisa moja ambalo sanduku lake lilitumiwa na kijiji kizima, na ufunguo ulikaa kwa mzee mmoja wa kanisa. Yeye alikuja kila wiki, akafungua, akaweka barua mfukoni, na siku ya Sabato baada ya ibada akasimama mlangoni akiita majina. Alikuwa mtu wa heshima. Tena alikuwa mwenye nyumba yangu. Nilipanga vyumba viwili kwenye ploti yake tangu nilipofika, na kila Desemba alinitumia mkungu wa ndizi.

Ndugu yake mdogo alifariki akaacha mke na mabinti watatu. Mabinti, hakuna mvulana, na hilo ndilo lililompa yule mzee ujasiri.

Mjane nilimjua kwa sura tu. Alikuwa mwanamke mrefu, siku zote kwenye mabuti ya mpira na koti la kijivu la marehemu mumewe, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa majani chai. Chai yake ilikuwa ikichukuliwa na lori la kiwanda cha Itumbe. Asubuhi moja, yapata miaka saba iliyopita, aliingia posta akiwa na vumbi la safari na kusimama mbele yangu bila hata kusalimu.

"Madam, barua zangu ziko wapi?"

"Barua gani, mama?"

"Za koti. Natoka koti Nyamira mjini sasa hivi. Karani amenionyesha kwa kitabu. Wametuma barua mbili, na mimi sijaona hata moja."

Nilijua ni barua gani. Bahasha za kahawia, mhuri wa mahakama pembeni, jina lake, na chini ya jina lake anwani ya sanduku la kanisa. Mimi mwenyewe nilizitia humo, moja baada ya nyingine, kama kanuni zinavyosema: barua inakwenda pale palipoandikwa. Sikuwa nimekosa kitu kwa kanuni. Hata hivyo nilihisi mikono yangu imekuwa michafu.

"Nilizitia kwenye sanduku la kanisa," nikamwambia. "Ndiyo anwani iliyoandikwa."

"Na ufunguo ni wa nani?"

"Mama, wewe unajua ufunguo ni wa nani."

Aliketi kwenye benchi la wateja. Hakulia. Alivua buti moja, akatoa kijiwe, akalivaa tena, kisha akanieleza kwa Kiswahili chake cha taratibu. Miezi miwili nyuma aliwakuta watu wawili na mnyororo wa kupimia katikati ya chai yake. Akawauliza nani amewatuma, wakasema mwenye shamba. Hapo kwenye kituo cha kununulia majani akasikia kwamba shemeji yake amefungua kesi ya mirathi. Korti ilikuwa imeambiwa kwamba marehemu hakuacha mtoto wa kurithi, na kwamba mke alirudi kwao. Kama asingefika kupinga kabla ya siku zilizowekwa, ingeamuliwa bila yeye.

"Mimi nirudi kwetu?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. "Hiyo chai nilipanda na hii mikono, mimba ya mtoto wa tatu ikiwa tumboni. Sasa nirudi koti niwaambie nini? Barua imepotea?"

"Waambie haikupotea. Waambie wabadilishe anwani. Lakini kwanza lazima uwe na anwani."

"Mwanamke anaweza kupewa sanduku?"

Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini na hakuna swali lililowahi kunikasirisha kama hilo. Hasira haikuwa juu yake. Nilitazama ule ukuta wa masanduku kwa nyuma, pale tunapotilia barua, nikasoma majina kwenye vibandiko. Shule, kanisa, chama cha wakulima, mzee fulani, mzee fulani, mzee fulani. Miaka yote hiyo nilikuwa nikivisoma na sikuwahi kuviona.

"Kitambulisho chako kiko wapi?" nikamwambia.

Alikuwa nacho, kimefungwa kwenye leso. Tulijaza fomu. Nilimpa sanduku la safu ya chini kabisa kwa sababu ndilo lililokuwa zima, ingawa mlango wake ulikuwa umekwama kwa kutu. Nikautia mafuta ya taa ukalegea. Alipoupata ufunguo alichuchumaa barazani akafungua, akatazama ndani palipokuwa patupu, akafunga. Akafungua tena.

Kisha tukaandika barua kwa korti. Yeye alisema, mimi nikaandika. Nilipomsomea, alinikatiza kwenye mstari wa kwanza.

"Umeandika 'naomba'. Toa hiyo. Mimi siombi mtu. Andika 'najulisha'."

Nikachukua karatasi nyingine, nikaandika "najulisha". Aliweka jina lake chini, herufi moja moja, akitoa ulimi kidogo kama mtoto wa darasa la pili. Tukaituma kwa rejista.

Tatizo ni kwamba barua nyingine ya korti ilikuwa tayari njiani, imetoka kabla yetu. Ilifika Jumatatu, nayo ilikuwa ya rejista, jina lake na anwani ile ile ya kanisa. Barua ya rejista haitiwi sandukuni. Inafungiwa kwenye sefu, na kinachotiwa sandukuni ni kikaratasi tu cha kumwambia mwenyewe aje aichukue. Nilikitia kikaratasi kwenye sanduku la kanisa, kwa sababu hiyo ndiyo anwani iliyoandikwa. Halafu nikafunga sefu na kungoja.

Mzee alikuja Jumanne, nimefungua tu. Amevaa kofia yake nzuri.

"Mama posta, umeamkaje? Watu wa ziwani hawajambo?"

"Hawajambo, mzee."

"Nimekuja kwa hii rejista." Akaweka kikaratasi kwenye kaunta.

Nikakisoma kana kwamba sikukijua. "Hii si yako, mzee."

"Ni ya shemeji yangu. Ni mtu wa nyumbani."

"Basi mwambie aje na kitambulisho."

Alitabasamu. Alikuwa na tabasamu la mtu ambaye hajazoea kurudia neno. "Ana kazi ya shamba. Mimi nitampelekea. Si mimi ndiye huwapelekea wote?"

"Barua za kawaida, ndiyo. Hii ni ya rejista. Haitoki bila mwenyewe."

Aliondoka bila kuaga. Mchana alirudi na kipande cha karatasi kutoka kwa naibu wa chifu, kimegongwa mhuri, kikisema kwamba mwenye kuleta barua hii ni kiongozi wa familia na asaidiwe. Niliisoma yote, nikamrudishia kwa mikono miwili.

"Mhuri ni mzuri," nikasema. "Lakini si kitambulisho chake."

Sasa tabasamu lilikuwa limekwisha. Kulikuwa na watu kama sita nyuma yake, na akageuka kidogo ili wasikie. "Nani alikupa nyumba ulipokuja hapa na sanduku moja la mbao? Nani alikupa ndizi? Wewe ni mgeni. Hujui mambo ya hii boma. Tukitaka, wiki ijayo uko kwenu ukila samaki."

Nami nikajibu ili wasikie. "Nyumba ulinipa, mzee, na kodi nimelipa kila mwezi. Samaki nitakula hata hapa, wanauzwa sokoni. Lakini barua hii haitoki bila mwenyewe. Hata ndugu yako angefufuka leo akaja kuichukua, nisingempa. Ina jina la mke wake."

Mtu mmoja kwenye foleni aliguna. Mzee akaokota kikaratasi chake akaondoka, na mimi nikaingia nyuma, nikanywa maji bilauri mbili.

Sikuwa na namba ya mjane. Nilijua tu kwamba Jumatano ni siku ya soko na angeteremka na ndizi zake. Alikuja saa nane mchana. Nikampa kitabu atie sahihi, nikampa bahasha, akanirudishia nimsomee. Kesi ilikuwa imepangwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, Nyamira.

"Alhamisi gani?" akauliza.

"Kesho, mama."

Alichukua barua akaikunja, akaiweka kifuani. "Basi wacha niende nichume," akasema. "Leo lori linapita jioni."

Kesho yake alikuwa mahakamani kabla ya karani. Yeye ndiye aliyenisimulia. Shemeji alisimama akasema mwanamke huyu aliitwa mara tatu akadharau. Hakimu, mama mmoja mfupi mwenye miwani, akamwuliza barua zilipelekwa wapi. Akasema kwenye sanduku la kanisa. Ufunguo anashika nani? Kanisa, akasema mzee.

"Kanisa lina mikono?" hakimu akauliza.

Kesi haikuisha siku hiyo. Ilichukua zaidi ya mwaka, na wito baada ya wito, na kila wito ulifika kwenye lile sanduku la safu ya chini. Mwishowe shamba liliandikwa kwa jina lake pamoja na mabinti zake. Alileta hatimiliki posta niione. Hakusema asante na sikutaka aseme. Tuliisoma pamoja kwenye kaunta, kila mstari, mpaka saini ya mwisho.

Mimi nililipia kwa njia yangu. Mwisho wa mwezi ule mzee alinipa notisi nihame, na nikahamia chumba kimoja nyuma ya kinu cha posho, ambapo unga uliingia hata kwenye mto. Baadaye, katika mfuko uliotoka Kisii, nilikuta bahasha yenye jina langu. Niligonga mhuri wa kuipokea kama barua nyingine yoyote, kisha nikaifungua. Nilitakiwa kueleza kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kuwadharau wazee wa eneo na kuchochea mfarakano katika familia. Niliandika ukurasa mmoja. Nilitaja kanuni ya rejista, nikaandika maneno ya mzee na maneno yangu kama yalivyotoka, na sikuandika "naomba" mahali popote. Jibu lilikuja likiwa onyo. Liko kwenye faili langu hadi leo, na nakala ninayo. Sijawahi kuomba lifutwe.

Kitu ambacho sikukitegemea ni wale wanawake wengine. Wa kwanza alikuja wiki mbili baada ya kesi ile ya Alhamisi, mwenye kibanda cha nguo za mitumba. Akasema anataka sanduku, akaangalia chini. Nikamwambia, "Inua uso, mama, unakodi sanduku tu." Akafuata mwalimu wa chekechea, halafu mama na binti yake wakataka kila mmoja lake. Wengine walikuja wawili wawili, wameshikana mikono kama wanaokwenda kliniki. Nilinunua chupa ya mafuta ya taa kwa ajili ya bawaba peke yake. Yale masanduku yaliyokuwa yametupwa nikayafungua, nikayafuta buibui, nikabandika majina mapya. Wanaume wengine walikasirika, na mmoja alikuja kuniuliza mkewe ana siri gani. Nikamwambia amwulize mkewe.

Hivyo ndivyo posta yetu ilivyokuwa, na ndivyo sisi tulivyoijua. Lakini makaratasini, huko juu, ilikuwa posta ndogo isiyouza stempu.

Miaka miwili iliyopita, asubuhi ya soko, pikapu ilisimama nje. Akashuka msimamizi wetu wa kanda, kijana mwenye adabu, na mafundi wawili na mifuko ya spana. Alinisalimu vizuri. Akasema imeamuliwa: kaunta inafungwa, masanduku yanang'olewa na kupelekwa Keroka, nami nitaripoti Keroka Jumatatu.

"Na wenye masanduku?" nikauliza.

"Watayafuata Keroka."

"Wakiwa na mkungu wa ndizi kichwani?"

"Mama, siku hizi kila kitu kiko kwa simu. Mimi si adui yako. Nimetumwa."

Fundi alikuwa ameshaanza na skrubu ya kona. Mlio wa spana kwenye chuma ulisikika soko zima, na mama wa mitumba akaacha nguo zake akaja kutazama. Aliuliza kwa Ekegusii, akajibiwa. Aliweka mgongo wake kwenye ukuta wa masanduku na kukaa chini. Hakupiga kelele. Aliyekuja baada yake akaketi karibu naye. Mjane alifika na ndizi zake, akatua mkungu mbele ya mguu wa fundi, akatoa ufunguo shingoni mwake, akafungua sanduku lake akaacha mlango wazi.

"Sasa toa," akamwambia fundi. "Toa nikiwa nimelishika."

Fundi aliweka spana mfukoni. Alikuwa kijana wa huko huko. Nadhani mamake alikuwa mmoja wa waliokaa.

Msimamizi akanigeukia. "Mama, waambie waondoke. Wewe ni mfanyakazi."

"Ndiyo, mimi ni mfanyakazi," nikasema. "Ndiyo maana nitakusomea kanuni." Nikaingia ndani, nikatoa kitabu chetu cha kanuni, kile cha zamani kilichoshonwa kwa uzi, nikafungua ukurasa. Mwenye sanduku aliyelipa kodi ya mwaka haondolewi kabla mwaka haujaisha ila awe amejulishwa kwa maandishi, kwa anwani yake. "Hawa wote wamelipa. Nionyeshe hata mmoja aliyepata barua."

Alisoma, akakuna shingo. "Tutawaandikia, basi."

"Waandikieni. Na barua hizo zitafika wapi?"

Alitazama masanduku. Mafundi walianza kucheka, naye akajizuia lakini nikaona shavu lake likicheza. Wakapandisha spana kwenye pikapu wakaondoka.

Barua zilikuja kweli, mwezi uliofuata, bahasha nyeupe kwa kila mwenye sanduku. Nilizitia zote, nikihakikisha kila moja imekaa mahali pake. Wanawake walizisoma, wakazijibu, mmoja mmoja, kwa mikono yao. Kwa wasiojua kuandika niliandika, na sikuweka neno langu. Mmoja alisema tu: "Andika hapana, halafu uweke jina langu." Mfuko uliokwenda Kisii wiki ile ulikuwa umejaa kama enzi zile za hawala.

Sitasema tulishinda, maana ningekuwa nadanganya. Nusu ya chumba imekodishwa mtu wa kupiga fotokopi. Sefu imechukuliwa. Dirisha linafunguliwa asubuhi tatu kwa wiki, na siku zilizobaki niko Keroka, ambako napanga vifurushi vya viatu na simu ambavyo watu wameagiza mtandaoni, na kuna foleni, na hakuna anayeniambia posta imekufa wakati kifurushi chake kimechelewa. Lakini ukuta wa masanduku uko pale pale barazani, skrubu moja tu haipo, ile ya kona.

Mwaka ujao nastaafu. Msimamizi ameniambia kwa upole kwamba hapo wataliangalia jambo hili upya. Nimemwambia waangalie. Wanawake wanajua kuandika barua sasa.

Nimenunua kipande cha ardhi hapa, juu ya soko, nikapanda ndizi na mistari michache ya chai. Sikuolewa, na kaka zangu walitarajia nirudi ziwani. Mkubwa wao alinipigia simu juzi.

"Umezeeka huko kwa watu," akasema. "Hata kaburi, utazikwa wapi?"

"Mbona huniulizi nitaishi wapi?" nikamwambia.

Akauliza kama chai inanipatia kitu. Nikamwambia bado changa, haijaanza kuchumwa. Tukazungumza juu ya mvua na juu ya mguu wake unaomsumbua, kisha nikakata, kwa sababu nilikuwa na nguo kwenye kamba na mawingu yalikuwa yanashuka kutoka upande wa Nyaramba.